Maboga ya mapambo: mbegu nilizohifadhi zimezaa vituko

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Nipo Njiro, Arusha, nina kibustani cha mita nne kwa tano nyuma ya nyumba. Mwaka jana wifi yangu anayeishi Ujerumani alinitumia mbegu za maboga ya mapambo: yale yenye umbo la kilemba, na pakiti ya mchanganyiko wa madogo, mengine ya chungwa, mengine kama peasi la rangi mbili, mengine yana vinundu. Yalitoka mazuri mno, wageni wakawa wanayaomba. Nikahifadhi mbegu, nikapanda tena mwishoni mwa Februari. Safari hii hakuna kilemba hata kimoja kilichokaa sawa, na mche mmoja wa yale madogo umezaa vitu virefu vya kijani vyenye mabaka, kama zukini za jirani anayelima za kupeleka hotelini. Mama mkwe alikipika kimoja, kikawa chungu kama shubiri, tukamwaga. Vingine vinageuka njano vikiwa saizi ya ndimu na kudondoka. Na yale ya mwaka jana niliyoyapaka vanishi yameoza. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile boga chungu la mama mkwe, maana mengine yanaweza kusubiri.

Mlifanya vema kumwaga. Uchungu ule unatokana na kemikali ziitwazo kukurbitasini, ambazo mmea hujikinga nazo usiliwe. Maboga ya mwituni yamejaa uchungu huo. Ya kula yamechaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi hadi ukaisha. Lakini mengi ya yale madogo ya mapambo bado yanao, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyachagua kwa ajili ya sufuria. Kupika hakuuondoi. Mwaka 2015, mjini Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini chungu zilizolimwa nyumbani. Mwaka 2018 daktari wa ngozi wa Ufaransa aliandika habari za wanawake wawili waliotapika baada ya kula maboga machungu, kisha wiki chache baadaye nywele zikawanyonyoka. Kwa hiyo mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba tunda lolote la jamii hii ambalo hulijui lionjwe bichi kwanza, kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kwenye ncha ya ulimi. Likiwa chungu, tema na utupe lote. Asijaribu kulichemsha na kumwaga maji kama tunavyofanya kwa mboga za porini.

Uchungu, basi, ni wa hayo madogo yako. Sasa lile umbo la zukini limetoka wapi? Umeshalitaja mwenyewe: kwa jirani. Zukini na yale madogo ya pakiti, ingawa hayafanani hata kidogo, ni spishi moja, Cucurbita pepo. Nyuki akitoka kwenye ua la zukini akaingia kwenye ua la peasi lako, ndoa imefungwa. Na ujanja wake ni kwamba mwaka ule ule huoni kitu. Ganda na nyama ya boga ni mwili wa mama, vinabaki vilevile hata baba awe nani. Mtoto yuko ndani ya mbegu. Ndiyo maana mwaka jana ulivuna mazuri, ukayasifia, ukahifadhi mbegu ambazo tayari zilikuwa na damu ya jirani.

Vilemba ni spishi nyingine, Cucurbita maxima, havikuchanganyika na zukini. Vimechanganyika na maboga ya kawaida ya mtaani, yale ambayo nayo ni maxima (mengine ya mtaani ni moschata, spishi ya tatu). Ukitaka kujua boga ni la ukoo gani, tazama kikonyo. Cha maxima ni cha mviringo, laini kama kizibo cha chupa. Cha pepo ni kigumu chenye pembe tano. Cha moschata nacho kina pembe, lakini kinapanuka kama unyayo pale kinapogusa tunda. Mfaransa Antoine Nicolas Duchesne, ndiye aliyezipa maxima na moschata majina yake ya kisayansi, alishinda bustanini Versailles katika karne ya 18 akiyachavusha maboga kwa mkono na kuyachora, apate kujua nani anazaana na nani. Kazi hiyohiyo utaifanya wewe, bila kuchora.

Huwezi kumzuia nyuki. Anasafiri kilomita kadhaa kutafuta chakula na kibustani chako ni mita tano. Kinachowezekana ni kumfungia mlango. Jioni, kama saa kumi na moja, pita ukitafuta maua yatakayofunguka kesho. Utayatambua: yamevimba, ncha imeanza kuwa njano, lakini bado yamefumba. La kike lina kiboga kidogo chini yake, na kwenye kilemba hata hicho kiboga kimeshaanza kuonyesha kitovu kilichochomoza. La kiume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Funga ncha za moja la kike na mawili au matatu ya kiume kwa uzi wa sufi au kibanio cha nguo. Mimi zamani nilitumia selotepu. Umande wa usiku ukaiachisha, asubuhi nikakuta nyuki wawili ndani wamelala kama wako kwao.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, kabla jua halijakolea, chuma yale ya kiume, uyavue petali zote hadi ibaki ile nguzo ya katikati yenye unga wa njano. Huo unga ndio chavua. Fungua la kike taratibu, paka chavua kwenye vile vichwa vyake vya ndani, pande zote, kisha lifunge tena na ufunge uzi mwekundu kwenye kikonyo chake. Chavua ya mche mwingine wa aina ileile ni bora kuliko ya mche uleule. Kazi nzima ni dakika tano. Ikipita saa nne asubuhi maua yanaanza kunywea, usijisumbue tena. Tunda lenye uzi mwekundu ndilo la mbegu. Mengine waachie nyuki, ni ya kutazama tu.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la viboga vinavyodondoka. Ulipanda mwishoni mwa Februari. Maua huja wiki sita hadi nane baadaye, yaani Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Chavua ikilowa haifai, na nyuki hatoki kwenye mvua. Kiboga kisichochavushwa hujaa kidogo, kinageuka njano kuanzia nchani, kinadondoka. Lakini pasua vichache ujiridhishe. Ukikuta funza weupe ndani, huyo ni inzi wa matunda, na kwa nje mara nyingi utaona kitundu cha sindano chenye utomvu ulioganda. Dawa yake kwa bustani ndogo ni karatasi: kiboga kikishashika, kivishe mfuko wa gazeti. Vilivyoharibika usivitupe kwenye mboji. Vifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache juani wiki mbili.

Msimu ujao, kama una maji ya bomba, panda mwishoni mwa Julai au Agosti, maua yaje Septemba na Oktoba kabla ya vuli. Kipindi hicho kikavu adui ni ubwiri unga, ule weupe kama umemwagiwa unga wa sembe kwenye majani. Maziwa ya ng'ombe sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ukinyunyiza kila wiki mara tu madoa ya kwanza yanapoonekana, yanasaidia kweli. Brazil walilijaribu kwenye zukini wakachapisha matokeo mwaka 1999. Usinyunyize maua.

Kuhusu nafasi sina mengi. Mita nne kwa tano inatosha vilemba viwili vinavyotambaa chini na miche mitatu ya madogo ikipanda chanja. Shimo la upana na kina cha sentimita 45, debe la samadi iliyooza, basi. Kila mche wa kilemba uachie matunda mawili au matatu, na chini ya kila tunda weka kipande cha ubao lisilale kwenye tope. Ukivutiwa na mengine, tafuta Galeux d'Eysines, la Ufaransa, la rangi ya waridi iliyopauka na limejaa chunjua.  Ila na lenyewe ni maxima, kwa hiyo chagua: hilo au kilemba, au ukubali kufunga maua. Na safari nyingine wifi asitume mbegu kwenye bahasha tu. Mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na magonjwa ya mimea huingia nchini kwa njia hiyohiyo.

Vanishi ndiyo iliyoyaozesha. Boga limejaa maji, nayo yanatoka polepole kupitia ganda. Ukilipaka umeyafungia ndani. Vuna kikonyo kikishakauka na ganda likikataa kutobolewa na ukucha, kata uache kikonyo cha sentimita tano au zaidi, usilibebe kwa hicho kikonyo, kisha liache mahali pakavu penye joto na hewa siku kumi hivi. Vilemba vitakaa miezi kadhaa, na madogo vivyo hivyo. Ukitaka cha kukaa miaka, hicho ni kibuyu, Lagenaria, mmea wetu wa Afrika, na ni habari nyingine kabisa.

Mbegu ulizonazo za yale madogo, tupa zote, hata zilizotoka kwenye mazuri. Mti ule wa vitu virefu ung'oe leo kabla mtu hajachuma kingine. Vilemba vilivyopotoka umbo, onja kwanza kama nilivyosema, kisha mama mkwe aviweke nazi. Havina ladha kubwa, viko majimaji, lakini vinalika.