Nilisema shauri yake, halafu nikamkumbuka bibi

Wiki hii mmeuliza hivi: ukiangalia thrila ya Scandinavia ambayo mfanyabiashara anasingiziwa mauaji, unamwonea huruma au unasema shauri yake? Nimesoma swali kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikajibu hapo hapo moyoni, shauri yake. Mtu ana nyumba ya kifahari, ana wakili, ana namba za wakubwa kwenye simu, huruma yangu ataifanyia nini. Nikafika nyumbani nikaoga nikalala, usingizi ukagoma. Basi nimeamka naandika.

Mimi ni Mtanzania, naishi Trondheim, Norway, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa wasiojua, huku Pasaka ni msimu wa hadithi za mauaji, kweli kabisa. Watu wanapanda milimani na vitabu vya upelelezi, tivii zinaonyesha upelelezi, mpaka boksi la maziwa linakuja na katuni ya upelelezi ubavuni unaisoma huku unakunywa chai. Wanasema ilianzia 1923, gazeti la Aftenposten lilipotoka na tangazo la kitabu juu kabisa ukurasa wa kwanza, limeandikwa kama habari kwamba treni ya Bergen imeporwa usiku, na wapo walioamini ni kweli. Tangu hapo ndo imekuwa desturi.

Sasa Pasaka moja nilikuwa zamu ya usiku, sebuleni tivii inaonyesha Hodejegerne, ile muvi ya 2011 ya Morten Tyldum iliyotoka kwenye kitabu cha Jo Nesbø. Mhusika anaitwa Roger Brown, kazi yake kuyatafutia makampuni mabosi, na pembeni anaiba picha za kuchora za bei mbaya ili aweze kumtunza mke wake kwa maisha asiyoyamudu. Anamuibia mtu ambaye si wa kuchezewa, anaanza kuwindwa, anafika mpaka kuzama kwenye choo cha shimo ili asionekane, mzima mzima, mpaka nywele. Halafu polisi wanamkamata kwa kifo cha mkulima ambaye hakumuua yeye.

Mi nilikuwa nakunja mashuka huku naangalia kwa jicho moja. Mara nasikia kigari cha kutembelea kwenye korido, anakuja bibi mmoja (jina nalihifadhi, na alishafariki), usingizi umemkataa kama kawaida yake. Akakaa. Akaangalia pale wanapomtia Roger kwenye gari la polisi, akasema zima. Nikamuuliza bibi unaumwa? Akasema, "Huyo ana mdomo. Fritz hakuwa na mdomo."

Sikuelewa. Nikazima, nikamtengenezea kahawa ile isiyokesha mtu, saa tisa usiku hiyo, akaanza kunieleza polepole maana Kinorwe changu kilikuwa bado kinachechemea.

Fritz Moen alikuwa kiziwi, kuongea kwake kulikuwa kwa shida, mkono mmoja umepooza. Wasichana wawili waliuawa hapa hapa Trondheim, mmoja 1976 mwingine 1977. Akahojiwa, akahojiwa tena, masaa kwa masaa, mwisho akakiri, na aliyoyakiri mengine hayalingani hata na ushahidi wenyewe. 1978 akahukumiwa kwa mmoja, 1981 kwa wa pili. Zaidi ya miaka 18 amefungiwa.

Bibi siku hizo alikuwa anauza duka la mikate. Anasema mji mzima ulikuwa unaongea jambo moja, kila anayeingia anaanza na hilo kabla hata ya kuomba mkate, na wote wanakubaliana, yeye pia anakubali, tena kwa sauti. Kuna siku akaingia mama mmoja, mteja wa kila wiki, akasikiliza akasikiliza, akauliza kwa upole, mna uhakika? Bibi akamjibu, kwani wewe ulikuwepo? Duka zima likacheka. Yule mama akachukua chenji yake akatoka na hakurudi tena kununua mkate pale. Bibi aliniambia hiki kipande mara tatu usiku ule, na kila mara alikuwa anafanya hivi na mkono, kama anarudishia mtu chenji.

2004 Moen akafutiwa kesi moja. Machi 2005 akafa. Desemba mwaka huo huo mtu mwingine akiwa anakaribia kufa akakiri kwamba yeye ndiye aliwaua wote wawili, na 2006 mahakama ikamsafisha Moen kwa kesi iliyobaki, yeye yuko kaburini. Bibi anasema alisoma gazeti akataka kumtafuta yule mama amwombe radhi, akachukua kitabu cha namba za simu, ndo anakumbuka hakuwahi kujua jina lake. Miaka yote ile anamuuzia mkate.

Tulikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Nikamrudisha kitandani.

Najua hapa nimetoka kwenye swali lenu. Ila kwangu swali la tajiri au maskini limekuwa dogo kuliko nilivyodhani kwenye basi, kubwa ni lile la mle dukani, wote wakishakubaliana nani atauliza mna uhakika. Huku kwetu Tanzania tunasema kubambikiwa kesi, na tukisema hivyo tunamfikiria polisi, hatumfikirii aliyeko kwenye foleni ya mkate. Halafu msidhani ni mambo ya zamani, kesi ya mauaji ya Baneheia kule Kristiansand, kusini mwa Norway, Viggo Kristiansen alikaa ndani karibu miaka 21, mahakama ikaja kumsafisha kabisa Desemba 2022.

Nusu iliyobaki ya muvi niliimalizia nyumbani (kama hujaiona ruka aya hii). Mwishoni, mkubwa wa polisi anasimama mbele ya kamera anatoa maelezo yamenyooka vizuri, nani kamuua nani na kwa nini, na si kweli, ila yanamsafisha Roger na kesi inafungwa. Pale ndipo mwili ulinisisimka kuliko hata kule chooni. Kumbe hadithi iliyonyooka inaweza kumfunga mtu na inaweza kumtoa, inategemea imemkuta nani.

Kwa hiyo nabadilisha jibu, ndiyo, namwonea huruma. Mwizi wa picha si muuaji, na akiwa nyuma ya lile gari la polisi pesa zake hazikuwa zinamsaidia kitu. Ila sio huruma nzima, nakiri, maana yeye kabla muvi haijaisha ashapata nguo safi na mke wake yuko naye, na bado siku nyingine nikichoka naweza kurudia kusema shauri yake. Muvi yenyewe iangalieni, ni nzuri, msile tu wakati wa kile kipande cha choo.

Bibi alikuwa anaipita ile tivii kila usiku Pasaka yote, hakuniuliza hata mara moja yule Roger aliishia wapi, na mimi sikumwambia.