Vipindi tisa kwa wiki: niliyoyaona nikiwa mwalimu wa patitaimu bila kupenda

Chai ya saa nne pale shuleni ilikuwa inakuja na karatasi ya majina. Dada wa jikoni anaweka hotpoti la chapati, mbili mbili kwa kila mwalimu, ukichukua unatiki jina lako. Langu halikuwepo. Mi mwalimu wa vipindi, na vipindi havina chai. Kwa hiyo ikifika saa nne natoa simu najifanya kuna mtu ananipigia, natoka nje mpaka wamalize, nimefanya hivo muhula mzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Naandika kwa ajili ya nyie mlioko huko maana najua mko wengi, mtu una digrii yako ya ualimu, Historia na Kiswahili kama mimi, ajira za serikali umeomba mpaka nywila ya kwenye mfumo umeikariri kama namba ya mama, ukasema basi ngoja niingie shule binafsi, mmiliki anakwambia "anza na patitaimu kwanza tukuone". Hiyo "kwanza" yangu ilichukua mwaka na miezi saba.

Hesabu ilikuwa hivi. Vipindi tisa, elfu tano kimoja, 45,000 kwa wiki, yaani 180,000 kwa mwezi. Ila ratiba imevitawanya siku zote tano, Jumatatu cha kwanza kabisa na cha mwisho kabisa, katikati unakaa. Naishi Chamazi, shule ipo Tabata, zote hapa Dar es Salaam, gari mbili kwenda mbili kurudi, 2,400 kwa siku, mwezi 48,000 imeenda. Juni na Desemba shule ikifungwa hupati kitu. Mwenye nyumba yeye hafungi, tena anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Watu wanadhani kinachouma ni udogo wa hela. Inauma ndio, lakini kilichonimaliza mimi ni kule kukaa. Kipindi ni dakika 40. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya dakika 80 za kulipwa, masaa mengine yote uko ofisini unatazama ukuta, na ukitazama ukuta anakuja mtu, "mwalimu naomba unishikie Fomu Wani, nina dharura", unashika, haulipwi, na unakubali huku unacheka kwa sababu unataka uonekane siku akitafutwa mtu wa kuajiriwa. Mwenye ajira kamili akikataa ana shughuli, wewe ukikataa unaringa.

Alhamisi ndo ilikuwa mbaya zaidi, maana kipindi kilikuwa kimoja tu, cha asubuhi. Saa tano niko mtaani kwangu. Mama wa genge pale kona, hana nia mbaya, "ticha, leo umewahi!" Mara ya tatu nikaacha kurudi. Nikawa naenda kukaa Mnazi Mmoja kwenye kivuli, nanunua karanga, nasubiri mpaka saa kumi ili nipande gari na watu waliotoka kazini. Miezi minne hiyo. Mke wangu anafua suruali akakuta vile vikaratasi vya karanga vimejaa mfukoni, akaniuliza taratibu, "baba, kwani shuleni kwenu kila Alhamisi mnakula karanga?" Nikamwambia yote. Usiku ule nililala, na nilikuwa na wiki nyingi naamka saa nane usiku napiga hesabu ile ile ya nauli na kodi, tumbo linawaka, nishapimwa nikaambiwa vidonda, daktari anauliza unakula saa ngapi nikashindwa kujibu.

Kwa hiyo la kwanza, waambie wa nyumbani mapema, kabla ya suruali haijasema.

La pili ndo lililonisaidia kuliko yote. Usianze kwa kuomba vipindi viongezwe, utaambiwa "tutaangalia". Omba vikusanywe. Mwalimu wa taaluma anapanga ratiba wiki ile kabla shule hazijafunguliwa, mfuate wakati huo huo na penseli yake iko mkononi, ukichelewa ratiba ikishabandikwa hakuna atakayeigusa. Mi nilienda na karatasi nimechora mwenyewe, nani tubadilishane naye, na wenzangu wawili nilishawaomba wakakubali. Nikapata Jumanne vipindi vitano, Alhamisi vinne. Hela ile ile 180,000, ila nauli ikashuka hadi 19,200 na siku tatu zikawa zangu. Ndani ya mwezi na nusu nikapata shule ya pili, vipindi nane, huko wananipa na chai.

Halafu maandishi jamani. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masaa yako na malipo yako. Masaa 45 kwa wiki yaliyomo humo ni kikomo cha juu, kwa chini hamna kikomo, ndo maana mtu anaweza kukupa vipindi tisa na asiwe amekosea kitu. Cha kufanya, kila siku piga picha lile daftari la darasa analobeba kiranja, tunalosaini kila kipindi, hasa ulivyomshikia mwenzako. Mi walidai nimefundisha vipindi 31 wakati nina picha za 36, vikalipwa vyote siku hiyo hiyo. Wakigoma kabisa kuna CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ila madai ya malipo peleka ndani ya siku 60, usisubiri mwaka uishe.

Na wale wa "jiongeze, jiajiri", sawa, ila wengi wanaokwambia hivo mshahara wao unaingia tarehe 25. Hapa hatuongelei uvivu, mtu anataka kufanya kazi wiki nzima halafu anapewa robo.

Kwenye chai ya shule ya kwanza bado simo. Nabeba chupa yangu na viazi vya kuchemsha, nakaa humo humo ofisini, sitoki tena, na mwalimu wa hesabu mwenye chapati zake mbili kila Jumanne ananiombaga kiazi kimoja.