Elfu kumi na saba: 17,000 au 10,007?

SWALI: Ninafundisha hisabati shule ya msingi, Mbagala, Dar es Salaam. Niliuliza darasani kwa mdomo, "Je, elfu kumi na saba ni namba tasa?" (yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe). Wengine wakasema ndiyo, wengine hapana, na kila upande ukaja na hesabu zake. Nani kakosea?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wote wako sahihi. Swali ndilo lenye njia mbili. Aliyesikia 17,000 hakuhitaji hata kalamu, kwani inagawanyika kwa 2. Aliyesikia 10,007 amekutana na namba tasa hasa: ijaribu kwa kila namba tasa hadi 97, hakuna inayoigawa bila baki, na huna haja ya kuendelea kwa sababu 101 mara 101 ni 10,201, imeshaipita. Ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu tano.

Kariakoo utata huu haumsumbui mtu. Ukiambiwa kiatu ni elfu kumi na saba, hutatafuta shilingi saba za chenji. Tukihesabu vitu, mara nyingi upatanisho wa kisarufi hutuokoa: vitabu elfu kumi na mbili ni 12,000, ila vitabu elfu kumi na viwili ni 10,002, kwa kuwa -wili imeifuata ngeli ya vitabu, si ya elfu. Bahati mbaya sita, saba na tisa hazibadiliki kwa ngeli yoyote. Tena neno namba lenyewe huchukua mbili, tatu, nne vilevile kama elfu, kwa hiyo katika hisabati kinga hiyo haipo kabisa.

Ushauri wangu: elfu kumi na saba ibaki 17,000, kama wengi wanavyoisikia. Ile nyingine isome kumi elfu na saba. Kwa 100,003, ambayo nayo ni tasa, laki moja na tatu inatosha. Elfu mia moja na tatu itakurudisha kwenye ugomvi uleule. (Laki na ishirini ya mtaani, yaani 120,000, usiilete darasani.)

Mtego huu umo hata kwenye vipeo. Mwaka 1772 mwanahisabati Euler alionyesha kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Kwa kifupi huandikwa 2³¹ − 1. Ukiisoma "mbili kwa kipeo cha thelathini na moja kutoa moja", mwanafunzi ana haki ya kuitoa ile moja kwenye kipeo, akapata 2³⁰, namba shufwa isiyo na utasa wowote. Sema "mbili kwa kipeo cha thelathini na moja, jibu lake utoe moja". Ni ndefu kidogo, lakini namba tasa ya aina hiyohiyo yenye kipeo 136,279,841, iliyotangazwa Oktoba 2024, ina tarakimu zaidi ya milioni 41, na haisomeki kwa namna nyingine.