Waifai kupotea baada ya kuweka Windows 10

Kaka, umeuliza kama laptop imekufa kwa kuwa waifai imepotea baada ya kuweka Windows 10: haijafa. Ulipotoka Windows 7 kwenda 10 draiva ya waifai (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha waifai) ndiyo iliyogoma, ndiyo maana hata orodha ya mitandao huioni. Chomeka simu kwa waya wa USB ushee intaneti ya simu, upate pa kuanzia. Kisha fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya laptop ndani ya Windows), tafuta kifaa chenye pembetatu ya njano, bofya kulia, ingia Properties, Details, halafu Hardware Ids (namba za utambulisho wa kifaa). Namba baada ya VEN_ inaonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa: ukiona VEN_14E4 hiyo ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek. Draiva ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptop. Ya Windows 10 ikikosekana, ya 8.1 mara nyingi inakubali. Zile programu za "draiva zote bure" achana nazo kabisa, zitakujazia matangazo tu.