Alama ya kuuliza kwenye faili la tezi

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha rekodi hapa Malindi nilimwandikia mama mmoja saratani. Alitoka Faza, akapanda boti hadi Mokowe, akaunga basi mpaka huku, shingoni ana kinundu ambacho mwenyewe alikiita kijiwe. Daktari wa wodi aliandika "? Ca thyroid", yaani anashuku saratani ya tezi ya shingo. Akafyonzwa kwa sindano nyembamba, sampuli ikapelekwa Mombasa, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Faili likaja mezani kwangu bila majibu. Nikafungua kitabu cha misimbo ya magonjwa, nikaweka C73, msimbo wa saratani ya tezi, nikafunga.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa: daraja la II, hakuna saratani. Karatasi ikachomekwa nyuma kabisa ya faili na hakuna aliyenishtua. Ilipopita nusu mwaka na zaidi, mama yule akaja kwa ajili ya presha, na tabibu aliyekuwa mgeni hapo akasoma mbele ya faili, akamuuliza, "Mama, ile saratani ya shingo inaendeleaje?" Nilikuwa napita na rundo la mafaili nikamkuta analia kwenye benchi, bintiye amemshika mkono.

Wadogo zangu mliotoka chuoni juzi, kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ukinibana kwa kanuni, nina pa kujitetea. Juzuu ya pili ya ICD-10, kitabu hicho cha misimbo cha Shirika la Afya Duniani, inasema ugonjwa mkuu ukibaki "unashukiwa" hadi mwisho wa huduma, na hakuna taarifa zaidi, upewe msimbo kana kwamba umethibitika. Lakini someni tena hayo maneno "hakuna taarifa zaidi". Taarifa zilikuwepo, ziko njiani zinatoka Mombasa, na mimi sikuzingoja wala sikumuuliza mtu.

Hapa niwaonye kidogo kuhusu video. Wengi wenu mnajifunzia kwa Wamarekani kwenye simu, nao ni walimu wazuri, ila kitabu chao ni ICD-10-CM na kanuni zake si hizi zetu zote. Kwao mgonjwa wa kliniki asiyelazwa hapewi msimbo wa ugonjwa unaoshukiwa tu. Unaandika kilichoonekana, basi. Mkichanganya vitabu viwili mtakuwa na takwimu zisizo za Marekani wala za Kilifi.

Siku hizi faili la shingo likija na alama ya kuuliza, silifungi. Nalirudisha kwa daktari. Akiandika "kinundu cha tezi, majibu ya sindano yanasubiriwa", basi kinundu ni jambo la hakika, altrasaundi imekiona, na nina pa kukiweka: E04.1, kinundu kimoja kisicho na sumu. Vikiwa vingi ni E04.2. Mara nyingi altrasaundi itahesabu vinundu vitatu na daktari ataandika "kinundu", kimoja, kwa haraka zake. Usimsahihishe kimyakimya. Muulize. Na anzeni kila mara kwenye faharasa ya juzuu ya tatu kisha mhakikishe kwenye juzuu ya kwanza, maana pana vijitego: kinundu chenye majimaji ni E04.1, ila rovu (tezi iliyovimba) lenye majimaji, lisiloelezwa zaidi, liko E04.2. Neno moja tu limebadilika.

Neno "sumu" nalo linawachanganya wageni. Hapa halihusu sumu ya kunywa. Ni tezi inayomwaga homoni kupita kiasi, na hapo unahama hadi E05.1 kwa kinundu kimoja au E05.2 kwa vingi. Kijana mmoja aliyekuwa kwa mafunzo aliona TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, iko chini akaandika tezi imelegea. Kumbe mara nyingi ni kinyume: tezi ikizidisha homoni, TSH hushuka. Nilimwambia hata angepatia, si kazi yake kusoma damu na kutoa jina la ugonjwa.

Kuna mtego mwingine wa hapa hapa nyumbani. Shuleni tulifundishwa rovu ni upungufu wa iodini, na kitabu kina fungu lake, E01, kwa hiyo mkono unakimbilia huko wenyewe. Mimi nimekulia Gongoni, nje ya mji kidogo ni mashamba ya chumvi hadi macho yanauma kwa weupe, na chumvi ya kula ya Kenya inatakiwa kisheria kutiwa iodini. Sisemi hakuna mwenye upungufu. Nasema E01 inangoja daktari aandike upungufu wa iodini kwa mkono wake.

Sasa namba. Ripoti ya altrasaundi huja na TI-RADS, alama moja hadi tano, inayotokana na sura ya kinundu: kimejaa nini, weusi wake, umbo, kingo, na vidoa ving'aavyo. Ripoti ya sindano huja na Bethesda, madaraja sita, inayotokana na seli zenyewe chini ya darubini. TI-RADS 4 na Bethesda IV hazina undugu. Ya kwanza inamsaidia daktari kuamua kama achome sindano. Ya pili inamwambia sindano imeleta nini. Zote mbili si utambuzi wa ugonjwa, na hakuna hata moja inayowapa ruhusa ya kuchagua msimbo peke yenu.

Bethesda II ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anaona "si saratani" anakwenda D34, uvimbe usio wa saratani. Taratibu! D34 inahitaji uvimbe uliotajwa kwa jina, kama adenoma. Kinundu cha koloidi, yaani kilichojaa ute wa tezi, hakijawa hivyo, kinabaki E04.1. Vivyo hivyo D44.0, uvimbe wa tezi ambao tabia yake haijulikani, isiwe mahali pa kuegesha faili kwa sababu majibu yamechelewa. Shaka inayohusika hapo ni ya wataalamu waliokitazama kitu na bado hawajui tabia yake.

Aliyekatwa tezi, akapungukiwa homoni, na sasa anakunywa vidonge kwa sababu hiyo ni E89.0, upungufu uliotokana na matibabu, si E03.9, upungufu usioelezwa chanzo. Na ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina herufi zake nyingine kabisa. Hoja za juu hazibadiliki.

Swali kwa daktari liandikwe, lisisemwe mlangoni. Msiandike "Je, ni saratani?", maana hapo mmeshamtilia jibu mdomoni. Andikeni mlichokikuta na tarehe zake, kisha: tafadhali andika utambuzi wa mwisho. Ikae ndani ya faili.

Daktari mmoja aliwahi kuniambia kazi yangu ni kunakili, si kuhoji. Sikubishana. Nilimfungulia faili mpaka nyuma, nikamwonyesha karatasi ya Mombasa iliyofunikwa na chati ya joto. Akaisoma, akairudia, halafu akaomba kalamu.