Fahirisi imeshuka? Subiri kwanza kushangilia

Msomaji ameandika kwa furaha: fahirisi yake ya utengano wa kijinsia katika kazi (kipimo cha jinsi wanawake na wanaume walivyojitenga katika kazi tofauti) imeshuka, kwa hiyo wanawake na wanaume sasa wanachanganyika zaidi. Huenda. Ila kushuka kwenyewe hakuthibitishi hilo.

Wengi hutumia fahirisi ya wanasosholojia Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan ya mwaka 1955. Kwa kila kazi, tafuta inachukua sehemu gani ya wanawake wote na sehemu gani ya wanaume wote. Toa ndogo kwenye kubwa, jumlisha kazi zote, gawa kwa 2.

Chukua kazi tatu. Wauguzi: wanawake 40, wanaume 10. Madereva: 10 na 50. Makarani: 50 na 40. Tofauti ni 0.30, 0.40 na 0.10, na nusu ya jumla ni 0.40. Yaani asilimia 40 ya wanawake wangelazimika kuhama kazi ili mgawanyo wao ulingane na wa wanaume.

Miaka ikapita. Madereva wamepungua nusu (5 na 25), makarani wameongezeka maradufu (100 na 80), wauguzi wako palepale. Piga hesabu upya: 0.19. Imeshuka kwa zaidi ya nusu, na hakuna hata kazi moja ambayo uwiano wake wa ndani, wa wanawake kwa wanaume, umeguswa! Kilichobadilika ni ukubwa wa kazi tu.

Kwa hiyo tenganisha, kama walivyofanya wanauchumi Francine Blau na Wallace Hendricks mwaka 1979. Chukua uwiano wa ndani wa mwaka wa kwanza, uweke kwenye idadi ya wafanyakazi wa kila kazi ya mwaka wa pili, kisha kokotoa fahirisi. Pengo kati ya jibu hilo na fahirisi ya mwanzo ni athari ya ukubwa. Kilichobaki kufikia fahirisi halisi ya mwaka wa pili ndicho mchanganyiko wa kweli. Hapa yote 0.21 ni ukubwa. Anayetangaza ushindi bila hatua hii anatangaza tu kupungua kwa madereva na kuongezeka kwa makarani.

Kisha misimbo, yaani namba zinazotambulisha kazi katika takwimu: orodha yake ikibadilika kati ya miaka, fahirisi nayo inaweza kubadilika. Katika ISCO, orodha ya kimataifa ya kazi, toleo la 1988 (ISCO-88) lina makundi madogo kabisa 390, la 2008 (ISCO-08) lina 436. Kugawa kazi hakuwezi kushusha fahirisi, na huipandisha pale kipande kimoja kinapokuwa na sehemu kubwa zaidi ya wanawake wote kuliko ya wanaume wote, na kingine kinyume chake. Kuwatenga wauguzi (2221) na wakunga (2222), waliokuwa pamoja katika 2230, kwa kawaida hakuleti kishindo; kwingine kunaleta. Panda ngazi, yaani tumia makundi mapana zaidi, hadi mahali ambapo misimbo ya miaka yote inaoana, hata ukipoteza undani.

Sampuli ndogo nayo hudanganya. Kazi yenye watu watano haiwezi kugawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo fahirisi hupanda hata kama watu wangepangwa kwa kura. Changanya jinsia kibahati mara 500 bila kubadili ukubwa wa kazi, pata wastani wa fahirisi (kiasi kinacholetwa na bahati tu), na uuripoti kando ya ile yako kwa kila mwaka.