Baba anapumulia shingoni, barakoa aivae wapi?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Baba aliondolewa zoloto (kisanduku cha sauti kooni) kwa saratani, akawekewa kifaa cha kumsaidia kutoa sauti. Anapumulia tundu la shingoni. Huku Makete kila nyumba wanakohoa kwa huu mlipuko wa ugonjwa. Anavaa barakoa usoni, inatosha? Halafu siku hizi akinywa chai anapaliwa.
Binti, Makete

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kuuguza. Haitoshi. Mzee anavuta na kutoa hewa shingoni, kwa hiyo barakoa ya usoni ibaki, na tundu nalo lifunikwe: kwa kichujio chake kama anacho, la sivyo kitambaa safi cha pamba kisichombana pumzi. Kwa baridi ya huko, kitambaa hicho kinasaidia pia makohozi yasikauke.

Kinachonitia hofu zaidi ni kidole. Nimemhudumia mzee mmoja wa Tukuyu: alikuwa akihesabu noti za mauzo ya ndizi, mtu akimsalimu tu, kidole gumba kilekile kinaziba tundu ili aitikie. Niliwaomba wanawe watundike kibuyu chirizi na sabuni mlangoni. Fanyeni hivyo. Anawe kwanza, salamu itasubiri.

Kuhusu chai, kifaa hicho ni mlango wa upande mmoja: akiziba tundu, hewa ipite kwenda kwenye umio (njia ya chakula) itoe sauti, chakula kisirudi kwenye njia ya hewa. Kikichakaa au kikiota fangasi, hakifungi. Kisafishe kwa brashi yake, kisha mpe funda moja la chai ya maziwa, umulike kifaa ndani ya tundu la shingoni kwa tochi ya simu. Vaa barakoa na miwani, simama ubavuni kwake, kamwe usimkabili, maana akikohoa makohozi yanaruka moja kwa moja. Tone likipenya katikati ya kifaa, kifaa kimechoka. Likipita pembeni yake, kitundu cha ndani kinachoshika kifaa kimetanuka. Vyovyote vile pigeni simu kliniki mpangiwe siku. Msingoje mlipuko uishe, chai ikizoea kuingia mapafuni inaleta nimonia. Kwa sasa uji mzito utamfaa kuliko chai.

Kifaa kikichomoka, aingize ule mpira aliofundishwa hospitali, mwondoke saa hiyohiyo, kwani kitundu hicho cha ndani huziba ndani ya saa chache. Kisipoonekana, waambieni: huenda kimeingia mapafuni.

Na mwandikie karatasi akae nayo mfukoni: “Napumulia shingoni. Oksijeni niwekeeni shingoni. Sampuli za kupima ugonjwa chukueni puani na shingoni.” Akizidiwa, hataweza kuyasema hayo mwenyewe.